Kanisa Lililokuwa Ngome: Habari za Saintes-Maries-de-la-Mer

Soma kwanza: Zaburi ya 46, Yoshua 20, Marko 16, mstari wa 1 hata wa 8.

Ndugu wapenzi, na hasa ninyi walimu wa katekisimo, Zaburi zatufundisha kumwita Mungu kimbilio letu na ngome yetu. Dr. Martin Luther alipotunga wimbo wake mkuu juu ya jambo hilo, aliutoa katika Zaburi ya 46, na wimbo huo huimbwa pote katika makanisa yetu. Watoto huuimba kwa sauti nzuri, walakini ukiwauliza ngome ni kitu gani, na ni nani aliye na ruhusa ya kuikimbilia, wengi hunyamaza. Ndiyo sababu nimeona yafaa tujifunze habari za kanisa moja la kale ambalo watu walilitumia kwa mambo matatu pamoja: lilikuwa nyumba ya sala, tena ngome ya vita, tena mahali pa hija. Kanisa hilo lingali limesimama. Habari zake zina mambo ya kutufurahisha, na mengine ya kutuhuzunisha.

1. Mahali penyewe

Upande wa kusini wa nchi ya Ufaransa mto mkubwa uitwao Rhône waingia katika Bahari ya Mediterania. Kabla haujafika baharini mto huo hugawanyika mikono miwili, na nchi iliyo katikati ya mikono hiyo huitwa Camargue. Mtu aliyeona jinsi Rufiji inavyotawanyika kabla ya kufika baharini aweza kuifikiri nchi hiyo. Ni tambarare tupu, haina mlima wala kilima. Ina maziwa ya maji ya chumvi, matete mengi, farasi weupe, ng'ombe weusi wenye pembe kali, na ndege aina ya heroe kwa maelfu.

Karibu na mdomo wa mkono wa magharibi, uitwao Rhône Ndogo, upo mji mdogo wa Saintes-Maries-de-la-Mer. Maana ya jina hilo ni Maria Watakatifu wa Baharini. Mji ulipewa jina hilo mwaka wa 1838. Kabla ya hapo uliitwa Notre-Dame-de-la-Mer, yaani Bibi Yetu wa Baharini. Katikati ya mji limesimama kanisa, refu kupita nyumba zote. Kwa kuwa nchi ni tambarare, msafiri huliona toka mbali kabla hajaona nyumba hata moja.

2. Ngome ya udongo

Nchi isiyo na kilima haina maficho. Katika karne ya 9 watu wa Camargue walisumbuliwa sana na wanyang'anyi waliokuja kwa merikebu. Mwaka wa 859 Wanormani, watu wa kaskazini, walikuja wakakaa Camargue muda wote wa baridi, wakiteka miji iliyo kando ya mto. Baada yao wakaja wengine kutoka ng'ambo ya bahari, ambao waandishi wa Ulaya waliwaita Wasarakeni, maana ndilo jina walilowapa Waislamu wa siku zile.

Mwaka wa 869 askofu mkuu wa mji wa Arles, jina lake Rotland, alitaka kuilinda Camargue. Habari zake ziliandikwa na mtu wa wakati ule ule, Hincmar, askofu mkuu wa Reims. Rotland alijenga ngome, lakini aliijenga kwa haraka, tena kwa udongo mtupu. Wasarakeni wakaja, wakaishinda, wakawaua wengi wa watu wake, naye mwenyewe wakamkamata wakamtia merikebuni. Watu wake wakapatana nao juu ya fidia: ratli 150 za fedha, majoho 150, panga 150, na watumwa 150.

Msomaji, simama hapa kidogo. Ili mtu mmoja apate kuachwa, watu 150 walihesabiwa pamoja na majoho na panga. Jina la askofu tunalijua. Majina ya wale 150 hayakuandikwa. Sisi ambao babu zetu waliijua minyororo ya misafara hatuwezi kuupita mstari huo upesi.

Lakini askofu akafa merikebuni kabla ya fidia kwisha kutolewa. Wasarakeni wakaficha jambo hilo, wakawahimiza watu walete fidia upesi, wakisema ya kuwa hawana nafasi ya kukaa zaidi. Walipokwisha kupokea yote, wakauvika mwili wa askofu mavazi yake ya ukuhani, wakauketisha juu ya kiti, wakauchukua mpaka ufukoni kwa heshima kubwa. Watu wake wakaja mbio kumsalimu na kufurahi pamoja naye. Ndipo walipoona ya kuwa ni maiti.

3. Ngome ya mawe

Kanisa tunaloliona leo lilijengwa katika karne ya 12, mahali palipokuwa na kanisa la zamani zaidi. Safari hii watu hawakujenga kwa udongo. Kuta ni za mawe, nene sana, na madirisha ni machache tena membamba, ili mshale usipate njia. Ndani ni ukumbi mmoja mrefu, hauna vyumba vya kando. Upande wa mashariki, palipo madhabahu, ukuta umezungushwa nusu duara na kuinuliwa juu kuliko kanisa lote, kama mnara. Huko juu, juu ya madhabahu kabisa, kuna chumba kilichowekwa wakfu kwa jina la malaika Mikaeli. Wakati wa amani chumba hicho kilikuwa mahali pa sala. Wakati wa vita kilikuwa kimbilio la mwisho.

Katika karne ya 14 maboma yakaongezwa. Kando ya paa pana njia ya walinzi kulizunguka kanisa lote, na ukuta wa kuwakinga wenye meno, ili mlinzi ajifiche nyuma ya jino na kupiga mishale penye pengo. Tena yako matundu ambayo kwayo waliweza kuwaangushia mawe adui waliofika chini ya ukuta. Mlinzi akiona tanga la kigeni baharini, hupiga kengele. Ndipo watu wa mji wote, wazee na wanawake na watoto, huingia kanisani na kufunga mlango.

Tena jambo moja nawaomba mlikumbuke kuliko mengine yote ya ujenzi huu. Ndani ya kanisa, katika ukumbi wenyewe wanamokaa watu, kuna kisima. Nchi yote kando kando ni ya chumvi, lakini maji ya kisima hicho ni matamu. Waliojenga walijua ya kuwa ngome isiyo na maji ni kaburi. Adui hana haja ya kubomoa ukuta, atangoja siku chache tu mpaka kiu iwatoe watu nje. Zaburi ya 46 nayo, baada ya kutaja kimbilio, yataja mto uufurahishao mji wa Mungu. Mwalimu akifundisha Zaburi hiyo, na aseme habari za kisima hiki, nao watoto watafahamu kwa nini mto umetajwa pamoja na ngome.

4. Hadithi ya mashua

Sasa tuulize: Hao Maria Watakatifu ni nani? Watu wa nchi ile husimulia hivi. Baada ya Bwana wetu kupaa mbinguni, adui za kanisa waliwatia wanafunzi kadhaa katika mashua isiyo na tanga wala makasia, wakaisukuma baharini wapate kufa. Ndani yake walikuwamo Maria Magdalene, Lazaro, Martha, na wanawake wawili wanaoitwa huko Maria Jakobo na Maria Salome. Mungu akaiongoza mashua mpaka pwani ya Camargue. Wengine wakaenda kuhubiri katika miji ya bara, lakini wale Maria wawili, kwa kuwa walikuwa wazee, wakabaki papo hapo pwani mpaka kufa kwao.

Mkristo aliyejifunza Maandiko na apime hadithi hii kwa upole, lakini na aipime. Mwinjilisti Marko atuambia ya kuwa Maria Magdalene, na Maria mamaye Yakobo, na Salome walinunua manukato, wakaenda kaburini asubuhi na mapema. Hayo tunayo kwa hakika. Habari za mashua hazimo katika Agano Jipya, wala katika maandiko ya Wakristo wa karne za kwanza. Zilikua na kuenea katika karne za kati. Basi tusiziweke sawa na Injili. Walakini tusiwacheke waliozisimulia. Watu waliokaa wakitazama bahari kwa hofu, wakingojea merikebu za wanyang'anyi, walipenda kukumbuka kwamba bahari ile ile iliweza pia kuwaletea mashuhuda wa ufufuo.

5. Mifupa na mahujaji

Mwaka wa 1448 René, mtawala wa nchi ya Provence, alipata ruhusa ya Papa Nikolao wa 5 achimbe chini ya sakafu ya kanisa. Wakaona mifupa, nayo ikatangazwa kuwa ni ya wale Maria wawili. Wakaitia katika sanduku zilizopambwa, wakaziweka katika chumba cha juu, kile cha malaika Mikaeli. Chini ya madhabahu wakatengeneza chumba kingine kama pango. Tangu hapo mahujaji wakazidi sana. Hata leo, tarehe 24 Mei kila mwaka, sanduku hushushwa polepole kwa kamba toka dirisha la juu mpaka ndani ya kanisa, watu wakiimba na kuinua mishumaa. Kesho yake sanamu za Maria wawili, zilizo ndani ya mashua ndogo, huchukuliwa mabegani mpaka baharini.

Wakati wa mapinduzi ya Ufaransa yaliyoanza mwaka wa 1789, sanduku ziliharibiwa, lakini mifupa ilikuwa imefichwa, ikarudishwa baadaye.

Sisi Walutheri twasemaje? Twajua ya kuwa Luther mwenyewe aliishi katika mji wenye masalio mengi. Mtawala wake, Frederiki, alikusanya katika kanisa la Wittenberg maelfu ya masalio ya watakatifu, na watu walikwenda kuyatazama wakitumaini kupunguziwa adhabu za dhambi. Luther aliwafundisha watu ya kuwa msamaha hutolewa bure kwa ajili ya Kristo, nao hupokewa kwa imani. Lakini Ungamo la Augsburg la mwaka wa 1530, katika fungu la 21, halitukatazi kuwakumbuka watakatifu. Lasema twaweza kuwakumbuka ili imani yetu itiwe nguvu na ili tufuate matendo yao mema, kila mtu katika kazi yake. Ila tusiwaombe wala kuwategemea, maana mpatanishi ni mmoja. Basi, Maria mamaye Yakobo na Salome tuwakumbuke. Waliondoka asubuhi na mapema kwenda kaburini, wala hawakuwa na mtu wa kuwavingirishia jiwe.

6. Sara na watu wake

Katika chumba cha chini, kile kama pango, ipo sanamu ya mwanamke mweusi aliyevikwa nguo nyingi, moja juu ya nyingine. Jina lake ni Sara. Wengine husema alikuwa mtumishi wa wale Maria wawili. Wengine husema alikuwa mwenyeji wa pwani ile aliyewapokea waliposhuka mashuani. Maandiko hayamtaji. Lakini wapo watu wampendao kuliko watakatifu wote, nao ni wale ambao watu wa Ulaya huwaita Wagipsi. Wenyewe hujiita Roma, nasi na tuwaite Waroma. Tusiwachanganye na Warumi wa mji wa Rumi. Asili yao ni Bara Hindi, na lugha yao yafanana na lugha za huko. Walifika nchi za Ufaransa mwanzoni mwa karne ya 15. Katika lugha yao humwita Sara Kali. Na neno hilo kali kwao maana yake ni mweusi.

Waroma walikuwa watu wa kuhamahama, wafua vyuma, wauza farasi, wapiga muziki. Karibu kila nchi ya Ulaya iliwafukuza. Mtu akipotewa na kuku, husema Waroma wamepita. Hata katika hija hii mahali pao palikuwa chini, pangoni, na mtakatifu wao hakuchukuliwa baharini pamoja na wale Maria. Mwaka wa 1935 Marquis Folco de Baroncelli, mfuga ng'ombe na mshairi wa Camargue, aliwaombea ruhusa, nayo ikatolewa. Tangu mwaka huo Waroma humtoa Sara pangoni tarehe 24 Mei, wakampeleka mpaka majini, na wapanda farasi weupe wakimtangulia.

7. Mwaka wa 1942

Haikupita miaka mingi. Mwaka wa 1940 Wajerumani waliishinda Ufaransa, na serikali iliyokaa katika mji wa Vichy ikashirikiana nao. Mwaka wa 1942 serikali hiyo ilijenga kambi ya kuwafungia Waroma mahali paitwapo Saliers. Na Saliers iko wapi? Iko katika Camargue ile ile, nchi ya hija yao. Vibanda vya kambi vilijengwa vyeupe, vikaezekwa matete, mfano wa nyumba za wachungaji wa ng'ombe wa nchi ile, ili mtu akitazama aone kijiji kizuri, asione gereza. Karibu watu 700 walifungwa humo, na watoto wengi miongoni mwao. Walikaa kwa njaa, mbu na magonjwa mpaka kambi ilipofungwa mwaka wa 1944. Katika nchi nyingine za Ulaya zilizotawaliwa na Hitler, Waroma waliuawa kwa malaki. Makanisa mengi, na ya Kilutheri pia, yalinyamaza.

Basi tazameni. Kanisa la mawe lilikuwa limesimama pale pale, na kuta zake, na meno yake, na kisima chake cha maji matamu. Liliweza kuwazuia wanyang'anyi wa baharini. Lakini adui wa mwaka wa 1942 hakuja kwa merikebu. Alikuja na karatasi ya serikali na orodha ya majina. Adui wa namna hii hazuiwi kwa mawe. Azuiwa na watu wanaosema, Hawa ni wetu, hatuwatoi.

8. Mambo ya kushika

Katika Yoshua 20 Mungu aliagiza miji ya makimbilio. Angalieni neno moja katika sura hiyo: miji ile iliwekwa kwa ajili ya wana wa Israeli na kwa ajili ya mgeni akaaye kati yao pia. Mkimbizi alipaswa kusimama langoni na kueleza habari zake, na wazee walipaswa kumsikiliza, kisha kumpa mahali. Sheria ile ilitaka lango lenye wazee wanaosikiliza.

Katika sharika zetu hakuna anayejenga kanisa lenye matundu ya kuangushia mawe. Lakini wanaokimbia wapo. Yuko mama mzee anayesingiziwa uchawi kwa sababu macho yake yamekuwa mekundu kwa moshi wa miaka mingi. Yuko mjane aliyefukuzwa shambani na ndugu za mumewe. Yuko mgeni wa kabila jingine, ambaye ng'ombe akipotea hutajwa yeye kwanza. Watu hao wakija mlangoni kwa mwalimu usiku, hawamwulizi kama ukuta wa kanisa ni wa matofali au wa miti. Wataka kujua kama atafungua, na kama kesho, mbele ya wazee wa kijiji, atasimama upande wao.

Siku hizi adui wa kanisa la Saintes-Maries ni bahari yenyewe. Zamani ufuko ulikuwa mbali zaidi; maji yamekula nchi mwaka kwa mwaka, na sasa mji hulindwa kwa kuta za mawe zilizojengwa pwani. Huko Saliers, tangu mwaka wa 2006, pana ukumbusho wa Waroma waliofungwa kambini.

Maswali kwa walimu na wanafunzi

1. Kwa nini ngome ya Rotland ilishindwa? Ni mambo gani katika usharika wetu tunayoyajenga kwa haraka, tena kwa udongo?
2. Katika fidia ya askofu walihesabiwa watumwa 150. Sisi twawahesabu watu gani pamoja na vitu?
3. Ni habari gani za Maria mamaye Yakobo na Salome tunazo katika Maandiko, na ni zipi zilizo hadithi tu? Twawezaje kumfundisha mtu tofauti hiyo bila kumdharau?
4. Kisima cha kanisa letu ni nini, nacho kina maji?
5. Kila mmoja na afikiri moyoni mwake jina la mtu mmoja katika kijiji chake ambaye leo hana mlango wa kukimbilia. Kisha wazee wa kanisa na wakae pamoja, wayataje majina hayo, na kupatana nani atakwenda kwa nani kabla ya Jumapili ijayo.